Je, Kuandikisha Tovuti katika Orodha Kungali Kunafaa?

Siku hizi si ajabu kuona nyumba ya wageni ya Babati ina tovuti yake. Kadhalika kikundi cha wafuga nyuki, kanisa, msikiti au shule. Lakini mtu akishapata tovuti, swali la kwanza linalomjia ni hili: watu watajuaje kwamba ipo? Tovuti isiyojulikana ni kama duka lililojengwa katikati ya pori. Milango i wazi na bidhaa zimepangwa vizuri, lakini hapiti mtu.

Hapo ndipo washauri hutokea. Mmoja humwambia mwenye tovuti, "Iandikishe katika orodha za tovuti." Wa pili husema, "Usijisumbue, orodha hizo zilikufa zamani." Wa tatu humpelekea barua pepe ya kumwahidi kwamba, akitoa fedha, tovuti yake itaandikishwa katika orodha mia tano kwa siku moja. Amsikilize nani? Katika makala haya nataka kueleza orodha hizo ni kitu gani, kwa nini zilipata sifa, kwa nini nyingi zimekufa, na kama yafaa bado mtu wa Babati kuandikisha tovuti yake humo.

ORODHA YA TOVUTI NI NINI

Orodha ya tovuti, ambayo wengine huiita saraka, ni mkusanyo wa majina na anwani za tovuti zilizopangwa kwa mafungu: biashara mahali pake, elimu mahali pake, michezo mahali pake. Jambo linaloitofautisha na mitambo ya kutafutia kama Google ni kwamba orodha hupangwa na mtu. Mwenye tovuti hupeleka ombi. Mhariri hulisoma ombi hilo, huifungua tovuti, huikagua, na akiona inafaa huitia katika fungu lake na kuiandikia maelezo ya mstari mmoja au miwili. Akiona haifai, huikataa.

Twaweza kumfananisha mhariri huyo na mkutubi. Mkutubi hatupi vitabu rafuni ovyo. Kitabu cha ufugaji wa kuku hakiweki pamoja na vitabu vya hesabu, hata kama ndani yake mna hesabu nyingi za mayai. Yeye hukifungua, huelewa kinasema nini, ndipo hukipa mahali. Kazi ya mhariri wa orodha ni hiyo hiyo.

JINSI ZILIVYOPATA SIFA

Mwaka 1994 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Jerry Yang na David Filo, walianza kuandika orodha ya tovuti walizozipenda. Wakati huo tovuti duniani zilikuwa chache, na mtu mwenye bidii aliweza kuzitembelea nyingi yeye mwenyewe. Orodha yao ikawa kampuni, na kampuni hiyo ndiyo Yahoo. Watu walipoona kwamba kuandikwa humo kwaleta wageni wengi, nafasi ikawa mali. Baadaye mwenye tovuti ya biashara alitakiwa kulipa dola 299 kwa mwaka, na juu ya hayo aliweza kukataliwa.

Mwaka 1998 ikazaliwa orodha nyingine iliyofuata njia tofauti. Ilijulikana kwa jina la DMOZ. Haikutoza kitu, na wahariri wake walikuwa watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi. Mtu aliyejua habari za nyuki aliomba kulitunza fungu la nyuki, na aliyejua habari za mji wake alitunza fungu la mji wake. Kwa jumla ya miaka yote, zaidi ya watu 90,000 walipata kuwa wahariri wa orodha hiyo. Ilikuwa na mafungu ya lugha nyingi, na Kiswahili kilikuwamo. Google yenyewe iliitumia kutengeneza orodha yake iliyopangwa kwa mafungu, na kwa miaka kadhaa iliwashauri wenye tovuti kuomba kuandikwa katika Yahoo na DMOZ. Kwa hiyo mshauri wa kwanza hasemi uwongo. Palikuwa na wakati ambapo shauri lake lilikuwa shauri jema kuliko yote.

KWA NINI NYINGI ZILIKUFA

Lakini wakati huo umepita. Mwaka 2008 Google iliondoa shauri lile katika maelekezo yake, na mwaka 2011 ikaifunga orodha yake. Orodha ya Yahoo ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2014. DMOZ nayo ikafungwa mwezi Machi mwaka 2017, ikiwa na tovuti zinazokaribia milioni 4. Sababu za vifo hivyo zafaa kujulikana, maana ndizo zitakazotusaidia kujibu swali letu.

Sababu ya kwanza ni wingi. Tufanye hesabu ndogo. Tuseme mhariri mmoja aweza kukagua tovuti 20 kwa siku, naye afanya kazi siku 250 kwa mwaka. Basi kwa mwaka mzima atakagua tovuti 5,000. Tovuti milioni 4 zitahitaji wahariri 800 wasiokuwa na kazi nyingine yo yote, ili wazipitie zote mara moja tu kwa mwaka. Wale wa DMOZ walifanya kazi hiyo jioni, baada ya kazi zao za mchana. Si ajabu kwamba maombi yalirundikana, na watu wengine wakangoja miezi mingi bila jibu.

Sababu ya pili ni kwamba habari huchakaa. Twaweza kutoa mfano wa hapa kwetu. Mtu aliyeandika katika orodha mwaka 2000 kwamba Babati i katika Mkoa wa Arusha aliandika kweli tupu. Mwaka 2002 mkoa huo ukagawanywa, Mkoa wa Manyara ukazaliwa, na Babati ukawa makao makuu yake. Tangu siku hiyo maandishi yale yale yakawa makosa, ingawa hakuna aliyeyagusa. Orodha isiyo na mtu wa kuipalilia ni kama shamba: huota magugu hata bila kupandwa.

Sababu ya tatu ni mashine. Mwaka 1998, wanafunzi wengine wawili wa chuo kile kile cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin, walianzisha kampuni ya Google. Mtambo wao haukumngoja mhariri. Ulitembea wenyewe kutoka tovuti hadi tovuti kwa kufuata viungo, yaani yale maneno ambayo ukiyabonyeza hukupeleka ukurasa mwingine. Tena ulihesabu kila kiungo kama ushahidi. Tovuti ikitajwa na nyingine nyingi zinazoheshimika, mtambo hudhani kwamba ina jambo la maana, na huitanguliza katika majibu. Kazi iliyowachukua wahariri mwaka mzima, mashine iliweza kuifanya kwa muda mfupi sana, na kuirudia.

BIASHARA YA ORODHA ZA BANDIA

Watu walipogundua kwamba viungo huhesabiwa kama ushahidi, wengine walianza kutengeneza mashahidi wa uwongo. Walifungua orodha nyingi zisizo na mhariri wala msomaji, wakawauzia watu nafasi. Kusudi lao lilikuwa kuidanganya mashine. Ni kama mtu anayetaka uongozi akawalipa watu mia wasiomjua waje kumsifu mkutanoni.

Udanganyifu huo haukudumu. Mwezi Aprili mwaka 2012 Google ilibadili hesabu zake ili kuzishusha tovuti zinazojipandisha kwa viungo vya hila. Katika maelekezo yake, viungo kutoka orodha duni vimetajwa waziwazi miongoni mwa mambo yasiyotakiwa. Basi yule mshauri wa tatu, mwenye kuahidi orodha mia tano kwa siku moja, hauzi dawa, auza ugonjwa. Tukumbuke hesabu yetu: hakuna wahariri wa kweli wawezao kuikagua tovuti yako mara mia tano kwa siku moja. Kikundi cha akina mama wanaouza asali kikitoa akiba yake kwa ajili ya jambo kama hilo, kimeitupa fedha ambayo ingenunua mizinga.

JE, TUSEME YAMEKWISHA?

Wengine watasema kwamba, kwa kuwa mashine imeshinda, habari ya orodha imekwisha. Mimi sikubaliani nao kabisa. Zilizokufa ni orodha zilizotaka kukusanya dunia nzima. Orodha ndogo, ya jambo moja au mahali pamoja, inayotunzwa na mtu anayelijua jambo hilo, ingali na kazi ambayo mashine haiifanyi vizuri.

Tuchukue mfano wa Magugu. Kila mtu wa hapa ajua kwamba Magugu ni mji mdogo katika Wilaya ya Babati, kando ya barabara ya kwenda Arusha, na kwamba mchele wake una sifa. Lakini katika Kiswahili magugu ni majani mabaya yanayoota shambani. Mtu akiiuliza mashine habari za "mpunga Magugu", yaweza kabisa kumletea maelezo ya kupalilia mpunga, naye alitaka kununua mchele! Mitambo ya leo imeerevuka kuliko ya zamani, na mara nyingi hubahatisha vema; hata hivyo hubahatisha. Mhariri mwenyeji habahatishi. Yeye huandika, "Magugu, mji; wauzaji wa mchele," na mambo yamekwisha. Hali kadhalika ajua kwamba Halmashauri ya Mji wa Babati na Halmashauri ya Wilaya ya Babati ni ofisi mbili mbalimbali, jambo ambalo mgeni hulichanganya mara kwa mara.

Tena mashine hujifunza kutokana na maandishi iliyoyakuta. Penye maandishi mengi hujua mengi, na penye machache hujua machache. London ina maandishi yasiyo na idadi, lakini Gallapo, Bashanet na Riroda yana machache, na yaliyo katika Kiswahili ni machache zaidi. Kwa hiyo mahali padogo pahitaji mkono wa mtu kuliko mahali pakubwa. Karen Fung, mkutubi wa Stanford, alilifahamu jambo hilo. Kwa miaka mingi alitunza orodha ya tovuti zinazohusu Afrika kusini ya Sahara, akiandika maelezo mafupi ya kila moja, na wanafunzi na waalimu wa nchi nyingi waliitegemea.

ORODHA ZIPI ZAFAA

Sasa twaweza kujibu swali. Kabla ya kuandikisha tovuti yako mahali po pote, jiulize maswali matatu.

Kwanza, je, yuko mtu wa kweli anayekagua? Ukipeleka ombi leo, na dakika hiyo hiyo ukaona limekubaliwa, jua kwamba hapana aliyelisoma. Orodha isiyoweza kukataa haina thamani inapokubali.

Pili, je, wako watu wanaoisoma orodha hiyo kwa faida yao wenyewe? Hili ndilo swali kubwa. Sahau mashine kwa kitambo. Jiulize kama msafiri, mnunuzi au mzazi aweza kuifungua orodha hiyo akitafuta kitu kama chako. Ikiwa yuko, kuandikishwa humo kwafaa hata kama mashine haikitazami kiungo hicho. Ikiwa hayuko, hakufai hata kama ni bure.

Tatu, je, inahusu jambo lako au mahali pako? Mchele wa Magugu hauna haja ya kutajwa katika orodha ya wauza viatu wa Chicago.

Kwa kipimo hicho, ziko orodha chache ambazo mtu wa Babati asizidharau. Bodi ya Utalii Tanzania ina mpango wa utalii wa kitamaduni, ulioanza katika miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la SNV la Uholanzi, na mgeni anayetaka kutembelea vijiji huweza kuanzia hapo kutafuta wenyeji wa kumpokea. Tovuti za mkoa na za halmashauri zina sehemu za viungo. Kikundi chenye tovuti nzuri chaweza kwenda ofisini kwa adabu na kuomba kitajwe. Vyama vya ushirika, vyama vya wafanya biashara, majimbo ya makanisa na jumuiya za misikiti vina orodha za wanachama wao. Hata DMOZ haikupotea kabisa, maana wahariri wake wa zamani waliiendeleza kwa jina la Curlie, nayo haitozi fedha. Usitegemee kwamba itakuletea wageni wengi. Walakini ombi moja lililoandikwa vizuri halina hasara.

Na ramani nayo ni orodha, ila ni orodha ya mahali. OpenStreetMap, iliyoanza Uingereza mwaka 2004, huchorwa na watu wa kujitolea kama walivyofanya wahariri wa DMOZ. Tangu mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu na wananchi wa Dar es Salaam waliitumia katika mradi wa Ramani Huria kuchora mitaa inayopatwa na mafuriko. Mashine isingejua jina la kichochoro au mahali pa mfereji. Ilibidi mtu atembee na kuuliza. Hapa Babati nyumba ya wageni isiyo katika ramani hupitwa na gari, ingawa imeandikishwa katika orodha mia tano. Jambo hilo si dogo kwetu, maana tangu barabara ya lami kutoka Dodoma ilipozinduliwa mwaka 2018, msafiri hana sababu ya kusimama Babati kama hajui Babati kuna nini. Ziwa lenye viboko li karibu na mji, Mlima Kwaraa wauangalia mji, na Hifadhi ya Tarangire haiko mbali. Lakini asiyeambiwa atajuaje?

JINSI YA KUFANYA

Mtu akiniuliza afanye nini, nitamjibu hivi. Kwanza aitengeneze tovuti yenyewe: iwe na habari za kweli, Kiswahili safi, jina kamili la mahali, na simu inayopokelewa. Mhariri mzuri akikuta ukurasa mtupu atakataa, na ana haki. Pili aitambulishe kwa mitambo ya kutafutia moja kwa moja. Google hupokea taarifa hiyo bila malipo, na mwenye duka au hoteli aweza pia kuweka habari zake katika ramani yao bila malipo. Tatu achague orodha tatu au nne zilizopita katika yale maswali, aandike maelezo mafupi yasiyo na majivuno. "Tunauza asali ya nyuki wadogo na wakubwa, Babati mjini" ni bora kuliko "Sisi ndio bora Afrika nzima." Nne, awe na daftari la mahali pote alipojiandikisha, ili simu ikibadilika arudi kusahihisha. Namba iliyokufa katika orodha ni mbaya kuliko kutoandikwa, kwa sababu mteja hupiga, hakuna jibu, naye hudhani kwamba biashara nayo imekufa.

Wengine watauliza: kama Google yatosha, kwa nini tujisumbue na haya mengine? Jibu waulizwe wakulima wetu wa mbaazi. Kwa miaka mingi mbaazi za Babati zilitegemea mnunuzi mmoja mkubwa, yaani India. Bei ilipokuwa nzuri, hakuna aliyefikiri habari ya mnunuzi wa pili. Mwaka 2017 India iliweka mpaka wa kiasi cha mbaazi kitakachoingia nchini mwake, na bei ikaanguka. Mbaazi hazikuwa mbaya kuliko za mwaka uliotangulia, wala mkulima hakulima vibaya. Aliyekuwa mlangoni ndiye aliyeufunga mlango. Tovuti inayotegemea mtambo mmoja iko katika hali hiyo hiyo. Wenye mtambo wakibadili hesabu zao huko Marekani, tovuti ya Babati yaweza kushuka kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa kumi, na hakuna wa kumlalamikia. Lakini ikiwa inatajwa pia na halmashauri, na chama chake, na ramani, na orodha ya utalii, mlango mmoja ukifungwa mingine ibaki wazi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kuandikisha tovuti katika orodha nyingi ili kuidanganya mashine hakufai, na kulilipia ni hasara juu ya hasara. Kuiandikisha katika orodha chache zinazotunzwa na watu na kusomwa na watu kungali kunafaa, nasi wa miji midogo twakuhitaji kuliko wenzetu wa miji mikubwa.

Limebaki jambo moja ambalo latuhusu sisi wanafunzi. Orodha haiwezi kuwa nzuri bila wahariri, na wahariri wa habari za Babati hawatatoka Stanford. Sisi ndio tunaojua kwamba Magugu ni mji, kwamba Bonga iko upande gani, na ni daraja gani hufunikwa na maji wakati wa masika. Mwanafunzi akimaliza mtihani wa kidato cha nne ana miezi kadhaa ya kungoja majibu. Katika miezi hiyo aweza kukiandika kijiji chake katika ramani, au kuwasaidia wafuga nyuki wa kwao kuandika maelezo ya mistari miwili yenye kweli. Kazi hiyo haina mshahara, lakini isipofanywa na mwenyeji, itafanywa vibaya na mgeni, au haitafanywa kabisa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyo hana budi kwanza kuijua njia.